Je, wajua kwa nini kamera ya zamani hupiga picha bila betri?

Chukua Pentax K1000, kamera ya Kijapani iliyouzwa kuanzia 1976 hadi 1997. Itoe betri, weka kasi yoyote, bonyeza: klak! Picha imepigwa. Ile betri ndogo kama kifungo iliyo chini ya kamera huchezesha sindano ya kipimo cha mwanga tu, basi.

Nguvu inatoka kwenye kidole gumba chako. Ukivuta ule mkono wa kusogeza mkanda (filamu), unakaza springi, sawa na kutia saa ufunguo. Mbele ya mkanda kuna mapazia mawili ya kitambaa. Ukibonyeza, la kwanza linakimbia na kuruhusu mwanga, la pili linakuja nyuma yake kuuziba. Wengi hudhani kwenye kasi ya 1/1000 (sehemu moja ya elfu ya sekunde) mapazia hukimbia zaidi. Hapana, mwendo ni ule ule. Ila pazia la pili linalifuata la kwanza unyounyo, na mwanga unapenya kwenye ufa mwembamba unaopita mbele ya mkanda.

Kwenye sekunde 1 mambo ni tofauti. Pazia la pili huzuiwa na vigurudumu vya meno, na utavisikia: zzzrrr. Kamera ikiwa imelala kabatini miaka, mimi hutega sikio hapo kwanza. Grisi ikikauka, mlio unakuwa wa kigugumizi na sekunde 1 inageuka 2, au pazia linagoma katikati. Fungua mgongo bila mkanda, elekeza lenzi dirishani, utajionea. Tafadhali usipulizie oili! Itatapakaa hadi kwenye mapazia. Hiyo ni kazi ya fundi.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kubadilisha sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma. Zikizeeka huwa kama lami, zinanata vidoleni, na mwanga unavuja na kuchora michirizi kwenye picha. Zikwangue kwa kijiti na spiriti, bandika mpya. Kioo cha ndani usikiguse. Rangi yake ya fedha iko juu, kitambaa tu kinaikwaruza.

Na sindano ikifa? Jua kali la mchana, weka f/16 (tundu dogo la lenzi) na kasi iliyo karibu na ISO ya mkanda, yaani namba ya wepesi wake wa kuhisi mwanga: ISO 100, 1/125. Anayepigwa akiwa kivulini, fungua tundu hadi f/4.