Je, wajua namba ya akaunti ilivyomtoa Jeremy Clarkson pauni 500?

Pita soko la Darajani, Zanzibar, kwenye meza za viungo. Pembeni ya pakti za mdalasini na karafuu utakuta kikaratasi kimebandikwa kwa gundi ya plastiki: namba ya kulipia kwa simu na jina la mwenye biashara. Kila mpita njia anakisoma, na mwenye meza hana wasiwasi. Vipi basi namba iliyowekwa hadharani imponze mtu wa Uingereza?

Novemba 2007 serikali ya nchi hiyo ilikiri kupoteza diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25 wa familia zinazopokea posho ya watoto, namba za benki zikiwemo. Watu wakaingiwa na hofu. Clarkson, mtangazaji maarufu wa kipindi cha magari, akaona hofu hiyo imetiwa chumvi. Ili awathibitishie, akachapisha namba ya akaunti yake mwenyewe, pamoja na namba ya tawi la benki, kwenye gazeti la The Sun. Alidai kwamba mwenye namba ile ataweza kumwekea pesa tu, kuzitoa hawezi.

Januari 2008 akafungua taarifa yake ya benki akakuta pauni 500 zimekwenda Diabetes UK, shirika la hisani la wenye kisukari. Akakiri hadharani kuwa amekosea.

Mwizi alipita wapi? Uingereza mteja anaweza kuiruhusu taasisi ijikatie pesa kwenye akaunti yake: bili ya umeme, bima, mchango wa kila mwezi. Ruhusa hiyo huwekwa kwa kujaza jina, namba ya akaunti na namba ya tawi, na mara nyingi haidai saini wala namba ya siri. Ila anayekata lazima awe taasisi iliyokubaliwa na benki. Kwa hiyo mwizi asingeweza kujivutia hata senti. Alichoweza ni kujifanya Clarkson na kujiandikisha kuwa mchangiaji. Hapo namkubali kwa akili, kwani Clarkson angeanzaje kudai zirudishwe pesa za wagonjwa? Na alipouliza nani kafanya hivyo, kwa maelezo yake mwenyewe, benki ilimjibu kuwa sheria ya kulinda taarifa binafsi hairuhusu kumtafuta.

Kikaratasi cha Darajani hakina mlango huo. Kwenye malipo ya simu, mlipaji ndiye anayetia namba yake ya siri. Bila hiyo pesa haitoki. Namba ya muuzaji kazi yake ni kupokea.

Ndiyo maana matapeli wa kwetu hawahangaiki na namba, wanahangaika na mwenye nayo. Nani hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Unatumwa kwa watu wengi kwa mpigo, bila kujua nani ni nani. Wengi wanaupuuza. Lakini yumo mmoja ambaye asubuhi hiyo ameahidi kumtumia fundi wake wa Wete pesa ya saruji. Huyo anadhani ni fundi kabadilisha namba, anatia namba ya siri kwa mkono wake mwenyewe, na pesa imekwenda. Mpigie fundi kwanza, kwa namba yake ile ya siku zote. Ujumbe wenyewe usiufute, upeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ya kuripoti utapeli.