Pikipiki ikiwa juu ya tela, bima ya gari hailipi

Jamani hili la kusema "gari linalovuta lina bima so pikipiki iliyo kwenye tela nayo imeshakuwa kavad" watu wamelirudia miaka na miaka na siyo kweli. Bima ndogo, ile ambayo sheria inakulazimisha uwe nayo ndo uingie barabarani, inamlinda yule mwingine uliyemgonga. Tela likichomoka likamvaa mtu, hapo kwa kawaida bima ya gari inahusika, japo makampuni mengine yanataka tela liandikwe kwenye mkataba. Ila mzigo uliobeba wewe mwenyewe unakuwa umetolewa kabisa kwenye bima hiyo, na pikipiki pale juu ni mzigo kama gunia la mchele tu.

Nimeona moja imeshushwa, mkanda ulilegea njiani ikalalia ubavu, tanki limebonyea, klachi imekatika, sait mira haipo, na mwenyewe kashika stika ya bima ya gari anaamini kabisa atalipwa. Iliniuma kwa kweli.

Kinachoweza kukulipa ni bima kubwa ya pikipiki yenyewe, ile inayolipa hata uharibifu wa chombo chako mwenyewe, na mikataba mingi inaigusa hata ikiwa inasafirishwa kwa barabara, lakini fungua usome ya kwako maana kuna wanaosema kufunga vibaya ni uzembe wako. Kama pikipiki ina bima ndogo tu basi uliza bima ya mizigo safarini, ya safari moja ipo. Na piga picha mikanda kabla hamjaondoka.