Jua la Oktoba, mvua ya Novemba

Kila mwaka ukiingia mwezi wa kumi, mama anayeniuzia nyanya sokoni hapa Tabora huwa ananisubiri na swali lilelile. "Nyie watu wa hali ya hewa, jua lote hili linachoma bure? Si mnasema joto ndilo linapandisha mawingu?" Mwaka jana nilikuwa na haraka, nikamjibu kwa mkato: "Vumilia mpaka Novemba, mama." Akanifungia nyanya zilizobonyea. Nilistahili.

Maana swali lake si la mzaha. Oktoba ndio mwezi wetu wa joto kali kuliko yote, na bado unaweza kumaliza wiki nzima mbingu ikiwa nyeupe pe. Novemba joto linapungua kidogo, na hapo ndipo radi zinaanza. Ingekuwa joto peke yake ndilo linanyanyua mawingu, mambo yangekwenda kinyume.

Shuleni tulikaririshwa kwamba hewa ya moto hupanda. Kauli hiyo ni nusu ya habari. Hewa haipandi kwa sababu tu ni ya moto; inapanda kwa sababu hewa ya pembeni yake, kwenye kimo kilekile, ni ya baridi kuliko yenyewe. Ya baridi ni nzito zaidi, inajipenyeza chini na kuisukuma ile nyepesi juu, kama maji yanavyolisukuma dumu tupu ulilojaribu kulizamisha. Alichosema Archimedes, yule mtaalamu wa Ugiriki ya kale, kuhusu maji kinashika hata hapa, ila hapa bahari yenyewe ni hewa.

Tuipige hesabu kidogo. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho, siku ya nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban kilo moja. Ipashe nyuzi moja tu kuliko majirani zake, itapungua gramu tatu na ushee. Hata kijiko cha chai cha sukari hakijajaa! Lakini upungufu huo unaiongezea hewa mwendo wa kama sentimita tatu kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Ingeachwa dakika moja bila msuguano na bila kuchanganyika na hewa nyingine, ingekuwa inapanda karibu mita mbili kwa sekunde. Mwewe wa machinjioni wanalijua hili kuliko mimi: wanatandaza mabawa, wanazunguka, wanapanda mpaka wanakuwa nukta, na hukuona bawa likipigwa hata mara moja.

Sasa kuna kikwazo. Hewa ikipanda, inapoa yenyewe, hata kama haijamgawia mtu joto lake. Ukitaka kuelewa, kaa dakika tano kwa fundi baiskeli. Akijaza tairi, pampu inapata moto chini, pale hewa inapobanwa. Akibonyeza valvu kuitoa, hewa inayotoka ni ya baridi kwenye kidole. Kubanwa kunapasha, kutanuka kunapoza. Huko juu mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo furushi la hewa linalopanda linatanuka, na kazi ya kutanuka linailipa kwa joto lake lenyewe. Bei yake haibadiliki: nyuzi 9.8 kwa kila kilomita, au tuseme nyuzi moja kwa kila mita mia. Hiyo ni kwa hewa ambayo mvuke wake haujaanza kuwa matone.

Kwa hiyo ukiona furushi limeanza kupanda, usiulize lina joto kiasi gani. Uliza huko linakokwenda kukoje. Kama hewa iliyotulia huko juu inapoa taratibu kuliko nyuzi 9.8 kwa kilomita, furushi litafika mahali litajikuta ni la baridi kuliko wenyeji. Hapo linageuka zito, linarudi chini. Hali hiyo ndiyo utulivu wa anga. Kama hewa ya juu inapoa haraka kuliko hapo, furushi kila likipanda linazidi kuwa jepesi kuliko wenzake, na hakuna wa kulizuia.

Utulivu huu huhitaji kifaa kuuona. Pembeni ya mji kuna watu wanachoma matofali, na mwezi wa saba huwa napita hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa nimevaa koti. Moshi wa tanuri unatoka kwa nguvu, unapanda wima kama mnazi, halafu ghafla unakata kona. Unalala. Unatanda juu ya miembe kama mkeka, na ukiinama kidogo unaona anga safi juu ya mkeka na anga safi chini yake. Kilichotokea ni kwamba usiku kucha ardhi imepoteza joto lake kuelekea angani, imepoza hewa iliyoigusa, na ile ya juu kidogo imebaki na joto la jana. Kwa hiyo asubuhi, tofauti na mazoea, ukipanda unakuta joto. Moshi unapoa njiani, unakutana na hewa iliyo na joto kuliko wenyewe, basi safari imekwisha. Kufika saa nne jua limeshapasha ardhi, mkeka umechanika, moshi unakwenda unakotaka. Saa saba mchana ardhi inakuwa imepata moto kupita kiasi, hewa ya mita chache za mwanzo inapoa kwa kasi kubwa mno kadiri unavyopanda, na ndipo chamchela inazuka uwanjani na kuondoka na kanga za watu kwenye kamba. Sina ugomvi na wanaosema ina mwenyewe ndani yake, ila mimi huwa naona gramu tatu tatu zikikimbilia juu.

Turudi Oktoba. Tuchukue mchana wa nyuzi 31. Furushi linaondoka ardhini kwa mbwembwe, na kufika mita 2,000 juu ya mji limebaki na nyuzi 11 na nusu hivi. Lakini majira hayo hewa ya juu mara nyingi inakuwa inashuka polepole kutoka juu zaidi, na inaposhuka inabanwa, inapata joto, kama pampu ya fundi. Inaweka kifuniko. Kama pale mita 2,000 kifuniko kina nyuzi 13, furushi letu limeshindwa. Na halijafika hata pa kutengeneza wingu.

Wingu linaanzia wapi? Kwenye kibanda chetu cheupe cha vipimajoto kuna viwili vinavyokaa pamoja: kimoja kikavu, kingine kimevikwa kitambaa cha pamba kinachonyonya maji kwenye kikopo. Maji yakikauka haraka yanakipoza. Oktoba vinaweza kusoma 31 na 18, pengo kubwa, hewa kavu. Mwanzoni mwa kazi yangu nilisahau kujaza kikopo, kitambaa kikakauka kau, vyote viwili vikasoma 31, nami nikaandika kwa ujasiri kwamba unyevu ni asilimia 100. Mkubwa wangu aliitazama karatasi, akatazama dirishani vumbi likipita, akaniuliza, "Kijana, leo Tabora imezama?"

Namba hizo, 31 na 18, zina maana kwamba hewa ile ingepaswa kupozwa mpaka nyuzi 11 ndipo umande uanze. Kanuni ya mkononi: kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la hewa na joto la umande ni mita 125 za kupanda. Tofauti ya nyuzi 20 inakupa mita 2,500. Furushi la Oktoba limekwama mita 500 chini ya hapo.

Novemba ukanda wa mvua unatushukia kutoka kaskazini, na upepo kutoka misitu ya Kongo unatuletea unyevu. Vipimajoto vinasoma 28 na 21. Umande sasa ni nyuzi 18, na wingu linaanza mita 1,250 tu. Hapo ndipo mchezo unapogeuka. Mvuke ukiwa matone unarudisha joto lililotumika kuuvukiza: gramu moja ya mvuke inapasha kilo ya hewa karibu nyuzi mbili na nusu. Furushi linaendelea kupoa, lakini sasa ni nyuzi kama 5 kwa kilomita. Tuseme linaingia winguni na nyuzi 16, jirani zake wana 15, nao wanapoteza nyuzi 6 na nusu kwa kilomita. Kilomita tatu juu zaidi, furushi lina nyuzi 1, majirani wako chini ya sifuri kwa nyuzi 4 na nusu. Pengo la nyuzi moja limekuwa zaidi ya tano. Kumulonimbasi huyo, wingu la radi lenyewe.

Watu wakitoka jasho Novemba wanasema "leo hewa nzito". Mwili ndio unaona uzito. Molekuli, yaani chembe ndogo kabisa, ya maji ina uzito wa 18 pale ambapo ya hewa kavu ina wastani wa 29, kwa hiyo mvuke unaipunguzia hewa uzito.

Ndugu zangu wa Kigoma wana kisa chao tofauti. Kule mvua za radi nyingi zinawakuta wavuvi wa dagaa usiku, taa zikiwa zimewashwa, wakati jua halipo kabisa. Ziwa Tanganyika halipoi haraka kama milima inayolizunguka. Usiku hewa baridi inateremka kutoka nchi kavu, inaingia ziwani, inajipenyeza chini ya hewa yenye joto na unyevu juu ya maji. Ya baridi chini ya ya moto, ni yaleyale.

Mama wa nyanya nimeshamweleza, safari hii kwa utulivu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza anachohitaji: atajuaje siku ya kuanua mahindi? Nikamwambia aangalie mawingu ya saa nane mchana. Yakiwa na vichwa bapa kama chapati, kifuniko kipo, aendelee kuanika. Yakianza kuota vichwa juu ya vichwa kama koliflawa, na kingo zake ni kali kana kwamba zimekatwa kwa kisu, asisubiri tone la kwanza.

"Na ukikosea?"

Nikamwambia nitazichukua zilizobonyea.