Ule Ufunguo Juu ya Kioo Hausemi Unachodhani

"Fundi, VPN iko sawa, ufunguo si ule pale? Shida ni hii laini." Maneno haya nimeyasikia Kondele, nimeyasikia Kibuye hapa Kisumu, nimepigiwa simu kutoka Bondo nikaelezwa hayo hayo, na sasa kayasema mwalimu wa kompyuta, mtu tunayempelekea watoto awafunze. Inatosha. VPN ni programu inayopitisha data ya simu yako kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali; ufunguo ni ile alama ndogo inayotokea juu ya kioo ukiiwasha. Kabla hujaenda kununua laini nyingine kwa sababu ya ufunguo, soma hapa.

Tangu toleo la 4.0, Android huiruhusu programu kuomba kubeba data yote ya simu. Unakubali, simu inaunda kadi ya mtandao ya bandia ndani yake, na kuanzia hapo data inayotoka kwenye kila programu inakabidhiwa ile ya VPN. Sekunde hiyo ndiyo ufunguo unachorwa. Kama seva iliyoko Frankfurt imeitika au imezimwa tangu mwezi jana, ufunguo hauna habari. Makanga amegonga bodi, mlango umefungwa, abiria mmeketi. Hakuna aliyewaambia kama matatu ina dereva. Na kwa kuwa data imeshakabidhiwa, simu hairudi kutumia njia ya kawaida. Kila kitu kinakufa, nawe unalaumu laini.

Sasa, VPN hazifanani, na hapa ndipo wengi hunikera. OpenVPN kwa kawaida huongea na seva kwanza, ikapewa anwani, ndipo ufunguo unatokea. Hapo ufunguo una uzito kidogo, ingawa seva ikizimika baadaye unaweza kubaki umeng'ang'ania pale pale. WireGuard ni tabia nyingine kabisa. Ukibonyeza swichi, ufunguo hutokea papo hapo, hata seva iwe haijawahi kuwepo duniani. Kisha imetengenezwa makusudi kutomjibu mtu asiyejulikana: ukikosea herufi moja ya ufunguo wa siri, seva inanyamaza. Akaunti ikiisha, kimya. Poti, yaani mlango wa seva, ikifungwa, kimya. Makosa yote yana sura moja, ndiyo maana kuyakisia kwa macho ni kupoteza muda.

Fungua programu yenyewe ya WireGuard, bonyeza jina la mpangilio wako, tazama namba mbili: tx, data iliyotoka, na rx, data iliyoingia. Kama tx inapanda polepole, baiti 148 kila baada ya sekunde 5 hivi, na rx ni sifuri, simu yako inabisha hodi na hakuna anayefungua. Kama rx imefika baiti 92 ikaganda, mmesalimiana na seva lakini hamjaongea; angalia upande wa seva au mpangilio wa njia. Zikipanda zote mbili, VPN yako inafanya kazi, tafuta ugonjwa kwingine. Namba hizi ziko wazi kwa kila mtu, lakini watu hupenda picha ya ufunguo.

Tena, huo ufunguo una uhakika ni wa nani? Android haikubali VPN mbili kwa wakati mmoja. Programu nyingi za kuzuia matangazo, na zile za kuzuia programu fulani zisile data, hutumia mlango huo huo wa VPN. Mtu anaonyesha ufunguo kwa fahari, kumbe ni wa kizuia matangazo, kimeipindua VPN yake asubuhi. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya VPN, usome jina lililoandikwa pale.

Bando. Mama mmoja alilalamika kwamba WhatsApp hukata akiwasha VPN na hurudi akizima. Bando lake lilikuwa la WhatsApp peke yake. Bando la aina hiyo hutegemea mtandao kuona data inaelekea wapi. Ukiwasha VPN, mtandao unaona seva moja tu, haujui ndani mna WhatsApp au sinema, kwa hiyo data inatozwa kama ya kawaida. Huna bando la kawaida wala salio? Basi huna intaneti. Hapo hakuna kilichoharibika. Na wale wa mafaili ya intaneti ya bure, tafadhali msiniletee. Yakifa yamekufa.

Saa ya simu nayo. Saa ikikosea sana, vyeti vya usalama hukataliwa, hilo wengi wanalijua. V2Ray, programu nyingine ya aina hii, ukiitumia na VMess, lugha yake ya kuongea na seva, haitaki saa yako itofautiane na ya seva kwa zaidi ya dakika moja au mbili. Lakini kuna kisa kinachochekesha zaidi: nyinyi mnaosogeza saa mbele ili mchezo uwape maisha mapya. Katika salamu ya WireGuard mna alama ya wakati, na seva huikumbuka ile ya mbele kuliko zote iliyowahi kuipata kwako. Ukijiunga ukiwa kesho kutwa, kisha ukarudisha saa leo, seva inaziona salamu zako kuwa za zamani zilizorudiwa na inazitupa. Utakaa hivyo mpaka kesho kutwa ifike kweli, au mwenye seva aiwashe upya. Ufunguo? Unang'aa muda wote.

Haraka haraka: simu nyingi za bei ya chini huua programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, kwa hiyo itoe VPN kwenye orodha ya programu zinazozimwa. Kama umewasha ile ya kuzuia miunganisho isiyopitia VPN, ukurasa wa kuingilia waifai ya hoteli huenda usifunguke, kwa hiyo izime kwanza. Telegram ikienda na kivinjari kikagoma, tazama DNS ya faragha, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: Telegram inazo anwani za seva zake ndani, kivinjari lazima kiulize majina. Na kuhamia seva ya Marekani hakukupi kasi. Ukiwa Kisumu, data inashuka Mombasa na kuvuka bahari kabla hata haijaanza safari hiyo.

Kuna jambo moja silisemi kwa kifua. Ujumbe unapita, picha na kurasa zinaning'inia: kitabuni hiyo ni MTU, kipimo cha ukubwa wa vifurushi: vifurushi vya data ni vikubwa kuliko njia. Nashusha kutoka 1420 hadi 1280 na mara nyingi inapona. Lakini zipo simu ambazo nimeshusha hakuna kilichobadilika, nikairudisha 1420, jioni zikafanya kazi zenyewe. Labda ni mnara uliojaa watu, labda mtandao unaibana UDP, njia ya data anayotumia WireGuard, saa fulani, labda ni seva yenyewe iliyozidiwa. Nikiwa na simu moja tu mkononi siwezi kuthibitisha, na fundi anayekuapia kwamba anajua, muulize amepimaje.

Mwisho ni proksi, seva ya kati inayopitisha data kwa niaba yako, maana nayo inaitwa VPN na kila mtu. Proksi unayoandika kwenye waifai ni ya waifai ile tu, haigusi data ya laini, na programu nyingine huipuuza kabisa. Ya Telegram iko ndani ya Telegram na haina ufunguo wowote. Telegram ilipofungwa wakati wa mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya, KCSE, Novemba 2023 na tena 2024, watu wengi waliweka proksi walizotumiwa kwenye magrupu, wakazisahau humo. Nyingi zimeshakufa. Kama Telegram yako inazunguka tu huku WhatsApp inakwenda, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya data na hifadhi, shuka mpaka proksi, uizime. Kwa hilo sitozi hata shilingi.