Kwa Nini Ganzi Huanzia Vidole vya Miguu

Mzee mmoja wa Mbagala alikuja kliniki ya kisukari amevaa ndala. Alipozivua, nesi akaona msumari umetoboa soli na kuingia kisiginoni. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi bila kusikia maumivu. Ganzi ilipomwanza, miezi mingi nyuma, nyumbani walimwambia amekanyaga kitu, na sisi watu wa Pwani tunajua kauli hiyo ina maana gani: amerogwa. Ndiyo iliyomchelewesha. Akaniuliza swali ambalo naliona bora kuliko mengi ya darasani: "Daktari mwanangu, kama sukari imo kwenye damu yote, mbona imechagua vidole vya miguu?"

Jibu limo katika umbo la seli ya neva. Seli hii ina kiwiliwili chenye kiini, matawi ya kupokea taarifa yaitwayo dendraiti, na uzi mrefu wa kupeleka taarifa, aksoni. Zile za ubongoni, zipatazo bilioni 86, nyingi zina umbo hilo. Seli inayohisi ncha ya dole gumba la mguu imejengwa kivyake. Kiwiliwili chake kimekaa kando ya uti wa mgongo, usawa wa kiuno. Uzi wake unagawanyika: upande mmoja unaingia kwenye uti wa mgongo, wa pili unashuka pajani, gotini na unyayoni hadi kidoleni. Kwa mtu mzima huo ni urefu wa kama mita 1, na yote ni seli moja, ambayo kiwiliwili chake kina upana wa kama moja ya kumi ya milimita. Kikuze kiwe mpira wa miguu, kiweke sokoni Kariakoo, na uzi wake utafika Feri, kama kilomita 2 hivi.

Taarifa hupita humo kwa umeme, ila si kama ule wa waya. Seli ikitulia, ndani yake kuna chaji hasi ya takriban milivolti 70 ukilinganisha na nje. Ukikanyaga msumari, vijilango vya utando wa uzi hufunguka, sodiamu huingia, kisha potasiamu hutoka na sehemu hiyo kurudi ilivyokuwa, huku jirani yake ameshaamshwa. Ni kama mashabiki wa Uwanja wa Mkapa wanapopiga wimbi: kila mtu anainuka na kuketi, hakuna anayehama kiti, lakini wimbi linazunguka uwanja. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno kazi yake ni kuziba vijilango hivyo vya sodiamu.

Nyuzi nyingine zimeviringishiwa mafuta, mayelini, yenye mapengo madogo. Humo taarifa huruka pengo hadi pengo, kama basi la mwendokasi linavyosimama vituoni tu. Zisizo na mafuta ni daladala linalosimama kwa kila anayepunga mkono. Ndiyo maana ukijikwaa kwenye jiwe unaumia mara mbili. Kwanza mchomo mkali, unaoletwa na nyuzi zenye mafuta kiasi kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Baada ya kama sekunde 1 unafika ule uchungu mzito unaokukalisha chini ukishika kidole, kwani wenyewe huenda kama mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Kila aliyewahi kujikwaa amepima kasi ya neva zake bila kujua.

Turudi kwa mzee. Protini za uzi hutengenezwa karibu zote kwenye kiwiliwili, kule kiunoni, kisha husafirishwa. Mizigo ya haraka huenda hadi milimita 400 kwa siku, ikafika kidoleni siku ya tatu. Vifaa vya kiunzi cha uzi huenda kama milimita 1 kwa siku: kinachoondoka leo kitafika baada ya karibu miaka 3. Sasa sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu nyuzi hizi pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha. Mwenye nyumba ya mwisho wa bomba anajua kinachofuata: presha ikishuka, wa kwanza kukosa maji ni yeye. Sukari haikuchagua vidole. Seli zote zimeguswa, ila za vidole ndizo zenye njia ndefu. Tazama pia ganzi ikipanda: ikikaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono huanza kufa ganzi, kwa sababu umbali wake kutoka uti wa mgongo unakaribiana na wa magoti.

Pombe nyingi ya miaka, upungufu wa vitamini B12 na VVU huleta ganzi ya namna hii pia, na vilevile isoniazidi, dawa ya TB, ambayo ndiyo maana huambatanishwa na vitamini B6. Ukoma una njia yake: bakteria huingia kwenye seli zinazozivika nyuzi mafuta. Doa la ngozi lisilo na hisia lisisubiri. Dawa zake ni bure.

Kama nyumbani kuna mwenye kisukari, mpimeni leo. Afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole, taratibu, sekunde 1 hadi 2, bila kubonyeza: dole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Ni vidole 6. Asiposikia viwili au zaidi, aende kliniki wiki hii hii, na akifika kwa daktari avue viatu kabla hajaambiwa.