Hukufikisha siku 183? Bado unaweza kudaiwa kodi Uganda

Swali limerudi tena, kwa maneno yale yale: "Mimi nazunguka na laptopu yangu, sifikishi siku 183 nchi yoyote, basi sidaiwi kodi popote, si ndiyo?" Sivyo. Na kinachoniuma ni kwamba anayeuliza huwa ameshakata tiketi za mwaka mzima kwa kufuata hesabu hiyo.

Tuanze na hiyo 183, idadi ya siku za kukaa nchini zinazomfanya mtu awe mkaazi machoni pa sheria ya kodi, maana nayo huhesabiwa vibaya. Mwaka wa mapato wa Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Lakini sheria haisemi siku 183 ndani ya mwaka huo. Inasema siku 183 au zaidi, kwa jumla, ndani ya kipindi chochote cha miezi 12 kinachoanza au kuisha ndani ya mwaka wa mapato. Rudia kusoma hapo kwenye "kinachoanza au kuisha".

Chukua mtu aliyetua Entebbe 1 Aprili 2024 akaondoka 30 Juni: siku 91. Akarudi 1 Novemba, akakaa hadi 15 Februari 2025: siku 107. Kwa kalenda ya kawaida ana siku 152 mwaka 2024 na 46 mwaka 2025. Kwa miaka ya mapato ya Uganda ana 91 na 107. Hata akizigawa vipi, 183 haifiki. Ila kati ya 1 Aprili 2024 na 31 Machi 2025 ana siku 198, na kipindi hicho kimeanza ndani ya mwaka mmoja wa mapato kikaishia ndani ya unaofuata. Ni mkaazi wa kodi kwa miaka yote miwili. Nafuu aliyo nayo ni moja: kama mwaka uliotangulia hakuwa mkaazi, ukaazi wake huanzia siku ya kwanza aliyokuwa nchini, si Julai.

Kwenda Kigali Ijumaa na kurudi Jumatatu kupitia mpaka wa Katuna hakufuti kitu. Huko ni kuchanganya viza na kodi. Siku 90 za viza ni habari ya Uhamiaji. Siku za kodi hujumlishwa hata zikikatikakatika.

Kipimo kingine cha ukaazi nakipita haraka: wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka, kwa mwaka huu na miwili iliyotangulia. Anayekuja miezi minne na kitu kila mwaka ananasa hapo bila kuikaribia 183.

Sasa jambo linalonikera zaidi. Tuseme hesabu zako zote ni safi na wewe si mkaazi. Asiye mkaazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo Uganda tu, na hapo watu huanza kupumua: "Mteja yuko Berlin, pesa inaingia akaunti ya London, kwa hiyo chanzo ni nje." Kwa ajira na huduma, chanzo hakimfuati mlipaji wala benki. Kinafuata mahali kazi ilipofanyiwa. Ukiandika programu ukiwa umekaa Ntinda, Kampala, malipo hayo chanzo chake ni Uganda, hata kama hakuna shilingi iliyopita benki ya Kampala. Na asiye mkaazi hana kile kiwango cha chini kisichotozwa. Hutozwa tangu shilingi ya kwanza.

Hapa ndipo huanguka hata wageni wanaoijua nafuu ya mkaazi wa muda mfupi. Asiye raia, ambaye jumla ya kukaa kwake haijazidi miaka miwili, husamehewa kodi ya mapato ya chanzo cha nje. Nafuu hiyo ipo kweli, na inafaa kwa pango la nyumba yake ya Lisbon au gawio la hisa zake. Haiugusi mshahara wa kazi anayoifanyia Muyenga, Kampala, kwa sababu mshahara huo si wa chanzo cha nje.

Raia wa Uganda anayezunguka ana mtego mwingine: makazi ya kudumu. Ukiwa nayo Uganda wewe ni mkaazi, hata siku zako nchini zikiwa chache namna gani. Tatizo ni kwamba sheria inayataja bila kuyafafanua. Nyumba yako ya Namugongo, iliyobaki na mlinzi na nguo zako kabatini, sioni utakavyoikana. Iliyopangishwa miaka miwili kwa mkataba, ningetetea kuwa haiko mikononi mwako, lakini huo ni utetezi, si kinga. Chumba chako kwa wazee Mbale? Mizani inaweza kulalia upande wowote, na anayekuhakikishia vingine anakisia.

Mkaazi hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Mshahara wa kazi iliyofanyiwa nje husamehewa endapo umelipiwa kodi huko. Hati ya mshahara yenye makato ndiyo ushahidi. Aliyekwenda Dubai kwa sababu mshahara hautozwi kodi hana cha kuonyesha, na mshahara wote unaingia kwenye hesabu za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kule kutolipa popote ndiko kunakomfanya adaiwe hapa. Mwenye kazi huru hana msamaha huo: hupunguziwa tu kodi aliyolipa nje, isizidi kodi ya Uganda kwa mapato hayo hayo.

Mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili ni michache: Uingereza, Uholanzi, Italia, Denmark, Norway, India, Afrika Kusini, Zambia na Mauritius. Kenya haimo, Marekani haimo, Ujerumani haimo. Tena mkataba humlinda aliye mkaazi wa mojawapo ya nchi hizo mbili. Asiye mkaazi popote hana mkataba.

Ritani ya mtu binafsi, yaani taarifa yake ya mapato ya mwaka, hutakiwa kabla Desemba haijaisha. Ukichelewa, adhabu ni asilimia 2 ya kodi au shilingi 200,000 kwa kila mwezi, ile iliyo kubwa, na kodi isiyolipwa huzaa riba ya asilimia 2 kwa mwezi.

Kwa hiyo fungua jedwali leo: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, mpaka uliopitia, na kazi uliyoifanya kila siku ukiwa wapi. Safu hiyo ya mwisho wengi hawana, na ndiyo inayogawa mapato ya Uganda na ya nje. Ukivuka mpaka wa Kenya, Busia au Malaba, kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti haitaonyesha kitu. Tunza tiketi ya basi.