Maana ya "gharama za pamoja" za posta, na kwa nini makampuni ya vifurushi yanazigombania

Gharama za pamoja ni zile ambazo posta lazima izilipe, lakini huwezi kuzibebesha barua moja au kifurushi kimoja. Mchukue mpeleka barua wa Marekani, ambaye hupita mtaani siku sita kwa wiki. Mshahara wa mzunguko wake uko palepale, awe na vifurushi kumi au asiwe na hata kimoja. Kifurushi kikiongezeka, zinazoongezeka ni dakika za kukitoa garini na kukifikisha mlangoni. Dakika hizo ni gharama za kifurushi chenyewe. Mzunguko, pamoja na sehemu kubwa ya majengo na utawala, ni mzigo wa wote.

Ugomvi ni nani aubebe. Mwaka 2007, chini ya sheria ya posta ya 2006, tume inayosimamia posta ya Marekani iliamua kwamba huduma zenye ushindani, hasa vifurushi, zilipie gharama zake zenyewe kisha zichangie angalau asilimia 5.5 ya gharama za pamoja. UPS, kampuni binafsi ya vifurushi, waliona ni kidogo mno. Mwaka 2015 waliiomba tume ivibebeshe vifurushi gharama zaidi, wakidai kuwa barua, ambazo posta inazishika kwa ukiritimba, zinawapunguzia bei wateja wa vifurushi. Walipata sehemu ndogo ya walichotaka, wakaenda mahakamani, na Mei 2018 mahakama ya rufaa ya Washington ikawakatalia.

Hoja yao haikuwa ya bure kabisa: gari au mtambo ulionunuliwa kwa ajili ya vifurushi unapaswa kuhesabiwa huko. Lakini tazama kinachotokea hesabu ikivutwa kupita kiasi. Tuseme kifurushi kinaigharimu posta dola 3 na kinauzwa dola 4. Dola 1 inayobaki inasaidia kulipia mzunguko. Mhasibu akiamua kukibandika gharama ya dola 4.50, bei lazima ipande, na mteja anahamia kwa mshindani. Posta inaokoa zile dola 3, ila mpeleka barua bado anapita mtaa uleule, na ile dola 1 iliyosaidia kumlipa imekwenda. Hasara inakua bila mtu kufanya uzembe wowote. Kisha hasara hiyohiyo inageuka ushahidi kwamba ofisi zifungwe na siku za kupeleka barua zipunguzwe.

Cha kuchekesha ni kwamba kwa miaka mingi UPS, kupitia huduma ya SurePost, na mshindani wao FedEx, kupitia SmartPost, waliikabidhi posta vifurushi vyao ivifikishe milangoni, hasa kwenye nyumba zilizotawanyika. Wakivipeleka wenyewe vijijini, humtoza mteja nyongeza ya eneo. Mzunguko wanaousema ni ghali waliutumia kwa sababu kwao ulikuwa nafuu.

Ushawishi wa makampuni binafsi kwenye hesabu za posta una mlango mwingine usiosemwa sana: punguzo la kupanga barua. Kampuni ikileta barua zilizokwisha pangwa kwa misimbo ya posta, inalipa pungufu. Kanuni ni kwamba punguzo lisizidi kazi ambayo posta imeepushwa nayo. Likizidi, posta inailipa kampuni binafsi kwa kazi ambayo wafanyakazi wake wangeifanya kwa bei ndogo zaidi. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi hukagua mapunguzo hayo mstari kwa mstari.

Lile deni maarufu la bima ya afya ya wastaafu lisichanganywe na haya. Sheria ya 2006 iliitaka posta itenge takriban dola bilioni 5.5 kila mwaka kwa miaka kumi, na kuanzia 2012 ikashindwa kulipa. Wengi husema ni njama ya makampuni. Zaidi ilitokana na hesabu za bajeti ya serikali. Hata hivyo iliwapa wapinzani wa posta tarakimu za hasara za kuonyesha hadi sheria ya 2022 ilipoiondoa.

Februari 2025 wachambuzi wa benki ya Wells Fargo walieleza jinsi ya kuibinafsisha posta: vifurushi vitengwe na barua, bei ipandishwe kwa asilimia 30 hadi 140. Ukisoma pendekezo la namna hiyo, tafuta kwanza mahali linapogawa gharama ya mzunguko. Vifurushi vikishaondoka, ni nani atakayemlipa mpeleka barua anayepita nyumba zilezile akiwa na barua tu? Kama jedwali halijibu, faida iliyoandikwa chini yake haijakamilika.